Ramli: Alama za Mchangani na Safari ya Neno Hadi Ziwa Viktoria

Miongoni mwa maneno yanayompa taabu mkalimani wa mahakama katika Mkoa wa Mwanza, neno ramli halikosi kuwamo. Shahidi aliyezaliwa Magu au Kwimba husimama, akaeleza kwa Kisukuma kwamba baada ya msiba wa pili nyumbani kwao wazee walikubaliana kwenda kwa nfumu. Mkalimani ana nafasi ya kuvuta pumzi moja tu kabla ya kulitoa neno hilo kwa Kiswahili. Akisema "walikwenda kwa mganga", msikilizaji huona mtu wa mizizi na majani. Akisema "walikwenda kwa mpiga ramli", msikilizaji huona mtuhumiwa. Akisema "kwa mchawi", kama walivyofanya wafasiri wengi wa zamani waliozoea lile neno la Kiingereza linalomfunga tabibu na mchawi katika fundo moja, basi amekwisha geuza ushahidi wote. Nfumu katika Kisukuma si mchawi. Mchawi ni nogi, na nfumu ndiye anayetafutwa ili kumpinga nogi.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya neno ramli, maana yake ya kwanza, na jinsi lilivyopata maana liliyo nayo leo kandokando ya Ziwa Viktoria. Tumelichagua neno hili kwa sababu watu wamefungwa, na wengine wameuawa, katika mambo ambayo neno hili limetajwa ndani yake, na mara nyingi wale walioliandika hawakuwa na hakika linataja kitu gani.

Ramli ni neno la Kiarabu, nalo kwa Kiarabu maana yake ni mchanga. Waswahili hawakulichukua kwa maana hiyo. Mchanga walikuwa nao tayari, na neno lake pia. Walichukua jina la elimu iliyofanywa juu ya mchanga, na hata kitenzi chake walikifuata, kwa maana Waarabu nao husema kuupiga mchanga, nasi twasema kupiga ramli. Pwani husemwa vilevile kupiga bao, kwa sababu mchanga hutandazwa juu ya ubao, na hapo neno la Kibantu limekaa mahali pa lile la kigeni bila ugomvi wowote. Lipo na jina jingine ambalo Waarabu huita elimu hiyo, nalo ni khatt, yaani mstari. Neno hilihili ndilo lililotupa hati. Mtumishi wa serikali anayetia saini hati ya kumiliki ardhi hutumia, bila kujua, neno ambalo kwa Waarabu lilikuwa pia jina la elimu ya kubashiri kwa mistari ya mchangani.

Elimu yenyewe ina utaratibu, na ni vema tuueleze, kwa kuwa wengi wanaolitaja neno hili hudhani kwamba ni mambo ya kubahatisha tu. Mpiga ramli hupiga nukta mchangani kwa haraka, bila kuzihesabu, katika mistari kumi na sita. Kisha huziondoa mbilimbili katika kila mstari mpaka ibaki nukta moja au mbili. Mabaki ya mistari minne yakipangwa wima hufanya alama moja, na kwa hiyo mistari yote kumi na sita hutoa alama nne. Kwa kuwa kila mojawapo ya safu nne za alama yaweza kuwa na nukta moja au mbili, alama zinazowezekana ni 16 tu, si zaidi wala si pungufu. Alama nne za kwanza huitwa mama. Kutokana na safu zao zikisomwa kwa kukingama hupatikana mabinti wanne. Kisha alama mbilimbili hujumlishwa safu kwa safu: moja na moja hufanya mbili, mbili na mbili hufanya mbili, moja na mbili hufanya moja. Hivyo hupatikana alama nne nyingine, kisha mashahidi wawili, na mwisho alama ya kumi na tano, ambayo Waarabu huiita mizani na watu wa Ulaya waliiita hakimu. Mwalimu wa hisabati atapenda kujua kwamba alama hiyo ya hukumu haiwezi kuwa na jumla ya nukta isiyogawanyika kwa mbili. Katika alama 16, ni nane tu zinazoweza kukaa mahali pa hakimu, na mpiga ramli mzoefu akipata nyingine hujua papo hapo kwamba amekosea hesabu.

Kila alama ina jina. Yenye nukta moja katika kila safu huitwa kwa Kiarabu tariq, yaani njia, na ni neno lilelile tulilolipata katika tarika. Yenye nukta mbilimbili katika safu zote nne huitwa jamaa. Tunaposema jamaa sisi hufikiria ndugu na marafiki. Kwa mpiga ramli ni alama ya nukta nane, mkusanyiko. Na kwa kanuni ile ya kujumlisha tuliyoitaja, njia mbili zikiwekwa pamoja huzaa jamaa. Mwenye kutaka kuona uhusiano kati ya jambo hili na siasa zetu za baada ya 1967 ataona anachotaka. Sisi tunaona asili moja ya neno tu. Zipo pia alama za weupe na wekundu, za kuingia na kutoka, za kukutana na za kufungwa.

Elimu hii ilitembea sana. Kule Hispania katika karne ya 12 Hugo wa Santalla aliitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, nayo ikaenea Ulaya kote. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London kipo chombo cha shaba kilichotengenezwa mwaka 1241 au 1242, chenye visahani vya kuzungusha ili kutoa alama hizo bila kugusa mchanga. Kule Bukini, yaani Madagaska, elimu ileile huitwa sikidy, jina litokalo katika neno la Kiarabu la alama au sura, na badala ya mchanga hutumia mbegu za mti uitwao fano. Afrika ya Magharibi, Ifa ya Wayoruba nayo husimama juu ya alama 16, na kwa kuziweka mbilimbili hupata 256. Pwani yetu, basi, haikuwa mwisho wa dunia katika jambo hili. Ilikuwa mahali pamoja katika njia ndefu.

Si ajabu kwamba alama za kubashiri huwa mama wa maneno mengine. Mfano ulio wazi kuliko yote tunaoujua uko mbali, katika Uchina. Wafalme wa enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walikuwa wakichimba vishimo katika mifupa ya bega ya ng'ombe na magamba ya kobe, wakavitia moto mpaka mfupa ukapasuka, kisha ufa ukasomwa. Swali na jibu viliandikwa juu ya mfupa uleule. Mifupa hiyo ilitambuliwa na wataalamu mwaka 1899, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kichina. Mojawapo ya herufi zake ni 卜, mstari uliosimama na kijistari kifupi kinachotoka ubavuni. Ni picha ya ufa wenyewe, na maana yake ni kubashiri kwa ufa. Ikiwekwa juu ya herufi ya mdomo hupatikana 占, ufa unaosemwa kwa kinywa, yaani kuagua. Mchina wa leo hutumia herufi hiyo ya pili hata kwa kusema kuchukua au kushika nafasi, wala hamkumbuki kobe. Tutakuwa na haja ya kukumbuka mfano huu wa ufa na mdomo tutakapofika Usukumani, maana alama ni jambo moja na anayeisema ni jambo jingine.

Neno ramli lilifikaje ziwani? Njia ya maneno ya pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilikuwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka huko kwenda kaskazini. Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alifika akiwa na wapagazi na walinzi waliozungumza Kiswahili. Stanley alipofika Kageyi mwezi wa Februari 1875, alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Sungoro, ambaye alikuwa na kazi ya kuunda jahazi huko Ukerewe. Watu wa namna hiyo walileta nguo na bunduki, na pamoja nazo msamiati wa kuhesabu siku, kupima bahati na kuandika hirizi. Lakini mambo ya kubashiri hayakuletwa nao. Yalikuwapo.

Yalikuwapo kwa majina yaliyo ya kale kuliko Kiswahili chenyewe. Chukua kitenzi kulagula cha Kisukuma na Kinyamwezi. Luganda wana kulagula na mtendaji wake mulaguzi. Kinyarwanda kina kuragura. Kitenzi hicho kimeenea katika lugha za Kibantu kiasi cha kuturuhusu kusema kwamba wahenga wa lugha hizo walikuwa nacho. Kiswahili kinacho pia, ila kimeangusha sauti l, kama kilivyofanya katika maneno mengi, kikabaki na kuagua. Kwa hiyo mwaguzi wa Pemba na mulaguzi wa Buganda ni ndugu wa damu, na mpiga ramli ni mgeni kwao wote wawili. Vivyo hivyo nfumu wa Kisukuma ni omufumu wa Kihaya na wa Luganda, na umupfumu wa Rwanda. Na nogi, kwa wingi balogi, yatokana na shina lililotupa sisi kuroga.

Nfumu wa Usukumani hakuwa na mchanga wala nukta. Njia iliyojulikana zaidi ilikuwa, na bado ni, ile ya kuku. Kuku mchanga aliyeletwa na mteja hupasuliwa, na nfumu husoma alama katika mabawa, mifupa na viungo vya ndani: hapa upande wa baba, pale upande wa mama, hapa deni la mizimu, pale wivu wa mtu. Anayejua habari za mifupa ya Uchina ataona kwamba kwa tendo lenyewe nfumu yuko karibu zaidi na waaguzi wa Shang kuliko na mpiga ramli wa Lamu, kwa maana wa kwanza wawili husoma maumbile, na wa tatu hufanya hesabu. Kazi ya nfumu haikuishia hapo. Alitibu, alitengeneza dawa za mvua na za shamba, na katika milki za Usukuma bafumu walishauriwa hata katika kumchagua mtemi. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliandika mengi juu ya mambo haya, na mwenye kutaka kuona vyombo vya kazi hiyo anaweza kwenda Bujora, huko Kisesa nje kidogo ya mji wa Mwanza, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement.

Basi Kiswahili kilipokuwa lugha ya boma, ya soko na ya shule huko ziwani, palihitajika neno moja la kumtaja mtu huyu mwenye kazi nyingi. Yalikuwapo maneno mawili ya pwani. La kwanza ni mganga, la pili ni mpiga ramli. Kila moja lilikata kipande cha nfumu na kuacha kingine.

Historia ya mganga ni ya bahati njema. Serikali ililipandisha cheo. Daktari anayesimamia afya ya mkoa ni Mganga Mkuu wa Mkoa, na hakuna anayecheka. Lakini neno likishapandishwa hivyo, yule wa zamani hana budi kuongezewa sifa ili asichanganywe na mwenye cheo. Aliitwa mganga wa kienyeji. Baadaye ikaonekana kwamba kienyeji lina dharau ndani yake, akaitwa mganga wa jadi. Na tangu sheria ya mwaka 2002 iliyoweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, tiba yenyewe imekuwa tiba asili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliishi wakati wa mabadiliko hayo ya lugha. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka katika Tanzania Publishing House mwaka 1980. Ndani yake yumo mtabibu Kibuguma, anayetibu utasa wa Bugonoka. Msomaji wa kitabu hicho hawezi kumfikiria Kibuguma kuwa mhalifu. Ni mtu wa mizizi, subira na malipo yanayojulikana.

Ramli haikupata bahati hiyo, na hapa inafaa tuilinganishe na ndugu yake kura. Kura nalo ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kitu kinachorushwa au kuchomolewa ili bahati iamue. Nalo pia hupigwa. Lakini kura limeingia katika Katiba. Mwananchi hupiga kura kumchagua Rais. Kutabiri lilikuwa neno la kufasiri ndoto. Leo utabiri ni wa hali ya hewa, na mvuvi wa dagaa wa Mwanza anayeusikiliza redioni kabla ya kuwasha taa zake ziwani haoni kwamba ameaguliwa. Falaki, iliyokuwa ikipigwa kama ramli, imekuwa elimu ya nyota shuleni. Maneno manne ya chanzo kimoja: matatu yameingia ofisini, na la nne limepelekwa kituo cha polisi.

Lilipelekwa kwa hatua. Mwaka 1928, mwaka uleule reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza, serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi, ambayo iliendelea kutumika baada ya uhuru. Katika kueleza maana ya uchawi, sheria hiyo haikutaja kuroga peke yake. Ilitia ndani pia kudai kuwa na nguvu za siri na kudai kuwa na maarifa ya siri. Tazama matokeo yake kwa Kisukuma: nogi anayeshukiwa kuua na nfumu anayesema ni nani aliyeua wamewekwa chini ya jina moja. Kwa mwanasheria wa Kiingereza wa wakati ule wote wawili walikuwa wadanganyifu, na yawezekana aliona kwamba hana haja ya kutofautisha aina mbili za uongo. Lakini mwanakijiji aliyesikia sheria hiyo ikielezwa kwa Kiswahili alisikia kwamba serikali inamkamata yule anayewalinda pamoja na yule anayewadhuru, na wapo waliohitimu kwamba serikali iko upande wa wachawi. Kosa hilo la istilahi halikuwa dogo. Mtu akiamini kwamba mahakama haiwezi kumsaidia, huenda kwingine.

Na kwingine kulipatikana. Usukumani na Unyamwezini vikongwe wengi, hasa wanawake, wameuawa baada ya kutajwa kuwa wachawi. Macho mekundu, ambayo kwa mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa kuni na samadi hayana siri yoyote, yalichukuliwa kuwa ushahidi. Tangu mwaka 2007 yakashika kasi mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya kandokando ya ziwa, kwa ajili ya viungo vyao, ambavyo waliovitafuta waliambiwa na waganga fulani kwamba huleta utajiri. Hapo serikali ililazimika kusema neno, na neno lililosemwa lina historia yake.

Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Tangazo lilitumia neno pana. Chini yake waliingia walioagiza mauaji, kama walikuwa na leseni, na wakaingia pia wakunga wa jadi, waunga mifupa na wauza dawa za tumbo, ambao kwa mujibu wa sheria ya 2002 walikuwa watu wa kusajiliwa na kulindwa. Zuio hilo halikudumu. Liliondolewa mwaka uliofuata. Mwezi wa Desemba 2014 mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa wilayani Kwimba, na Januari 2015 serikali ilitoa tangazo jingine. Safari hii neno lilikuwa jembamba zaidi: waliopigwa marufuku ni wapiga ramli. Katika wiki zilizofuata polisi walikamata watu zaidi ya 200 katika mikoa kadhaa, ya Kanda ya Ziwa na jirani zake.

Kwa upande mmoja hatua hiyo ya pili ilikuwa maendeleo ya istilahi. Ilitenga kutibu na kubashiri. Lakini wangapi miongoni mwa wale waliokamatwa waliwahi kupiga nukta mchangani? Ramli ya alama 16 ni elimu ya vitabu vya Kiarabu; Usukumani chombo kilikuwa kuku, kioo, kibuyu, au ndoto. Neno la pwani lilikuwa limekwisha achana na kitu chake, likabaki jina la kubashiri kokote na kwa njia yoyote, kisha likawa jina la kosa. Katika magazeti lilikwisha chukua maana ya tatu, ya kukisia bila ushahidi: mwandishi wa michezo huandika kwamba kocha anapiga ramli juu ya mechi ya Jumapili. Sheikh wa Unguja aliyesoma elimu hiyo katika vitabu, awe anaikubali au anaikataa kwa sababu za dini, halitambui tena neno lake.

Wananchi na polisi wenyewe waliona upungufu huo, wakaongeza sifa: ramli chonganishi. Tukiri kwamba ni msamiati uliobuniwa vizuri. Sifa chonganishi, kutokana na kuchonganisha, inaliweka kosa mahali pake hasa, si katika kuku wala katika mchanga bali katika kinywa kinachomtaja jirani. Ndiyo tofauti ileile ya ufa na mdomo. Ufa haumwui mtu. Hata hivyo tuna mashaka mawili. Kwanza, nomino iliyobebeshwa sifa hiyo bado ni ramli, hata pale ambapo ramli haikupigwa. Wakili mwerevu anaweza kuuliza mahakamani mchanga ulikuwa wapi. Pili, lugha inayosema ramli chonganishi huonyesha kwamba ipo ramli isiyochonganisha, nayo hatuambiwi kama ni halali au la. Mwanasheria atafurahia utata huo, lakini si mtafsiri.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko lilivyokuwa zamani. Kwa miaka mingi ushahidi wa mashauri makubwa ulipita hatua tatu, kutoka Kisukuma kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza cha jaji. Makosa ya mkalimani yalifunikwa na makosa ya hatua iliyofuata. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno atakalolitamka mkalimani Mwanza linaweza sasa kuingia moja kwa moja katika hukumu, na kutoka huko katika hukumu nyingine.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wenzetu mgawanyo ufuatao. Kuagua na uaguzi yawe maneno ya jumla kwa kila namna ya kutafuta habari iliyofichika, kwa kuwa ni maneno ya Kibantu, yanaeleweka pwani na ziwani, na hayamhukumu mtu kabla ya wakati. Tunajua kwamba kuagua lina pia maana ya kutibu. Lakini pale ambapo tiba peke yake ndiyo inayokusudiwa, tuna kutibu na uganga, wala hapana upungufu. Ramli ibaki kwa elimu ya alama 16, na bao kwa chombo chake. Kuku wa Usukumani asiitwe ramli. Uaguzi wa kuku unatosha. Na pale penye kosa, litajwe tendo lenyewe: kumtaja mtu kuwa mchawi, kuchochea mauaji, kudai viungo vya binadamu. Hati ya mashtaka inayosema kwamba mshtakiwa "alimtaja jirani yake kuwa ndiye aliyemuua mtoto kwa uchawi" haihitaji ramli, chonganishi wala nyingineyo.

Linabaki neno nfumu. Wapo watakaosema kwamba ni neno la kikabila, na kwamba kazi yetu ni kusanifu. Lakini ntemi nalo lilikuwa neno la Kisukuma na Kinyamwezi. Tukalipokea, tukaliandika mtemi, likaingia katika kamusi na vitabu vya historia, wala hakuna mtafsiri anayehangaika leo kulifasiri kuwa sultani kama walivyofanya wa zamani. Mkalimani wetu wa Mwanza, shahidi akisema nfumu, na aandike mfumu. Kisha mahakama imwulize shahidi: huyo mfumu aliwaambia nini?